Yuko Sekondari, Yuko Chuoni

Brooklyn Park, Minnesota

Shikamoo Baba Mdogo,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na nimemsikia ndani yake mwalimu mkuu mstaafu asiyekubali jambo mpaka aelezwe vizuri. Unauliza mtoto ambaye hajamaliza sekondari anasomaje chuoni, na kama amerushwa madarasa. Hajarushwa. Mjukuu wako yuko darasa la 11, karibu umri wa wenzake walio kidato cha nne huko Tanga. Asubuhi anakwenda chuo cha jamii, anakaa darasa moja na vijana waliomaliza shule na akina mama wanaojiandaa kusomea uuguzi. Alama anazopata huko zinahesabika chuoni na zinahesabika pia shuleni kwake, kwa hiyo somo moja linamvusha kote kuwili. Ada hatulipi sisi, inalipwa na jimbo.

Mpango wenyewe huku unaitwa PSEO. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1985, na Minnesota ndilo jimbo lililotangulia mengine yote ya Marekani kuweka mpango wa namna hii kwa jimbo zima. Gavana wa wakati huo alikuwa Rudy Perpich, daktari wa meno aliyezaliwa kaskazini kwenye machimbo ya chuma, katika familia yenye asili ya Kroatia. Alipoanza darasa la kwanza hakujua Kiingereza, kwa sababu nyumbani kwao kilizungumzwa Kikroatia. Jambo hilo nalikumbuka kila ninapowaona watoto wa Kisomali, wa Kiliberia na wa kwetu Afrika Mashariki wakishuka kwenye basi mbele ya chuo. Wakuu wa shule nyingi waliupinga mpango ule, maana mwanafunzi akienda chuoni, sehemu ya fedha za umma zinazotolewa kwa ajili yake humfuata huko. Perpich alishikilia msimamo wake, na mimi namshukuru.

Jimbo hulipa ada, michango na vitabu vya kiada, ila vitabu ni mali ya chuo na hurudishwa muhula ukiisha. Krediti nne za chuo huhesabiwa kuwa sawa na mwaka mzima wa somo la sekondari. Wanaoruhusiwa kuchukua masomo yote ni wa darasa la 11 na la 12. Wa darasa la 10 huanza na somo moja la ufundi, kwa mfano uchomeleaji au umakanika, na akipata C au zaidi anaruhusiwa kuongeza. Wewe uliyelilia karakana ya shule miaka yote ile ungeipenda sehemu hiyo kuliko zote. Kuna pia njia ya kulisoma somo la chuo palepale sekondari, mbele ya mwalimu wa shule aliyeidhinishwa na chuo. Ni njia nzuri kwa mtoto anayekaa mbali. Sisi tulitaka atoke, akakutane na watu wasiomjua.

Na amekutana nao. Somo lake la kwanza lilikuwa uandishi wa insha. Mhadhiri aliwagawia silabasi yenye tarehe zote za muhula, kisha hakuzikumbusha tena. Insha ya kwanza ilirudi imejaa wino, kila dai likiulizwa ushahidi wake uko wapi. Binti alizoea kusifiwa shuleni. Alinyamaza jioni nzima, kesho yake akaenda ofisini kwa mhadhiri katika saa zilizotengwa kwa wanafunzi, akauliza. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahia A. Mtoto wa miaka 16 aligonga mlango wa mtu mzima asiyemfahamu, akasema sijaelewa, halafu akarudi nyumbani kula wali kwa mama yake. Wengi wetu tuliyajua hayo tukiwa tayari tuko bwenini, mbali na kila mtu wa kutushika mkono. Hili ndilo ninalolipenda kwenye mpango huu, hata kuliko fedha inayookolewa.

Sasa nikupe habari ambayo najua haitakupendeza, wewe uliyekuwa ukimwita mzazi shuleni kabla mtoto hajafika nyumbani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi humpa mzazi haki ya kuziona mpaka mtoto atimize miaka 18 au aanze chuo. Kwa hiyo binti alipoanza masomo, haki ya kumbukumbu zake za chuoni ilitutoka sisi ikawa yake. Chuo kinaweza kumwonesha mzazi ambaye mtoto yumo kwenye kodi yake kama tegemezi, ila hakilazimiki. Akikosa vipindi mwezi mzima, usitegemee mhadhiri akupigie simu. Mama yake hakulipokea vizuri jambo hilo, akasema anamlipia bili za simu mtu asiyeweza kumuuliza alama zake. Tulikaa tukazungumza na binti. Ijumaa jioni baada ya chakula anafungua kompyuta mwenyewe, anatuonesha. Nimeona kuwa mtoto anayeonesha kwa hiari yake husema na yale ambayo asingeyasema kwa kuulizwa.

Nyumba ambayo mazungumzo hayo hayakufanyika, naijua. Kijana wa jirani alichukua mzigo mzima wa masomo katika muhula wake wa kwanza. Mama anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, na kijana alikuwa akiunganisha mabasi mawili katika baridi ya Januari. Somo la hesabu likamshinda, akaacha kwenda, akidhani kuacha kwenda ndiko kujitoa. Hakujaza fomu kabla ya tarehe ya mwisho, ikaandikwa F. Somo lile ndilo lililokuwa limehesabiwa katika masharti ya kumaliza sekondari, na mama alilijua karibu na mahafali. Baadaye, kijana alipojiunga rasmi na chuo kilekile, F ile ilihesabiwa walipopima maendeleo yake kabla ya kumpa msaada wa fedha. Ni kijana mwerevu. Alihitaji mtu mmoja wa kumwambia aanze na masomo mawili.

Unasema kidato cha tano chetu kinachimba zaidi, na kwamba mwenye tahasusi ya HGL angewafundisha hawa. Kwa kina cha masomo yale matatu, Historia, Jiografia na Kiingereza, nakubaliana nawe kabisa. Lakini mtoto wa tahasusi hungoja mtihani mmoja wa mwisho umwambie kama anafaa kwa chuo kikuu. Huyu wetu anajipima muhula kwa muhula, na akiteleza kwenye somo moja anabakiwa na mengine.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba wanaouhitaji zaidi mpango huu ndio wasioupata. Mwanafunzi anayetaka kuanza muhula wa vuli anatakiwa kuijulisha wilaya ya shule kufikia tarehe 30 Mei. Taarifa huja kwa Kiingereza, kwenye barua pepe ambayo mzazi wa zamu mbili haifungui. Mzazi aliyesoma hapa hapa analijua jambo tangu mtoto akiwa darasa la 9. Ndiyo maana kila Machi tunakaa na wazazi baada ya ibada, tunawaeleza kwa Kiswahili: tarehe, fomu ya kujitoa, na krediti zipi zinahamishika. Vyuo vya umma vya jimbo hili vina mtaala wa pamoja wa krediti 40 ambazo hupokelewa baina yao. Vyuo binafsi na vya majimbo mengine huamua vyenyewe, kwa hiyo anayewaza kwenda huko aulize mapema.

Nimesikia shemeji amepata visa na anakuja na kijana wake aliye kidato cha tatu. Tafadhali mwambie asiache nyumbani ripoti za shule za kijana tangu kidato cha kwanza, zigongwe mihuri, na zile za Kiswahili zitafsiriwe. Vyuo hutazama matokeo ya nyuma, na kumtafutia mtoto ripoti kutoka Tanga akiwa tayari yuko hapa huchukua miezi. Ukiweza, nenda naye wewe shuleni. Wewe wanakusikiliza.

Mama Mdogo naye mpe shikamoo yangu.

Mwanao