Safari ya Kwenda Kusimama

Kwetu Isingiro, wilayani Kyerwa, kung fu tuliijulia kwenye banda la video. Jenereta ilinguruma nje, na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ikatueleza kwa Kiswahili nani anamlipizia nani kisasi huku Jet Li akiruka juu ya mapaa. Tukitoka hapo, migomba ya watu ndiyo iliyopokea mateke. Kwa hiyo nilipopata safari yangu ya kwanza ya Dar es Salaam, nilikuwa na shabaha moja: kumwona mwalimu wa kweli.

Basi nilipandia Omurushaka. Njia ni zaidi ya kilomita 1,000 na sitaisimulia yote. Kutoka Kahama hadi Singida nililala fofofo. Joto la Morogoro ndilo lililoniamsha sawasawa, jaketi langu la Karagwe likawa mzigo.

Mlimani, ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo Taasisi ya Confucius, iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha mkoa wa Zhejiang. Ndugu yangu aliyesoma Kichina hapo alinipeleka kwenye mazoezi ya asubuhi. Mwalimu, dada wa Kichina mwenye sauti ndogo, alitupanga kwenye nyasi: magoti yakunjwe kidogo, mikono mbele ya kifua kama mtu aliyekumbatia mtungi. Kisha akanyamaza. Nikasubiri teke. Wapi! Mapaja yakaanza kutetemeka, mapaja haya haya yaliyozoea kupandisha mikungu ya ndizi vilimani.

“Shusha mabega, kaka. Pumua kwa tumbo.”

Akaonyesha mahali, vidole vitatu hivi chini ya kitovu. Huko, kwa mapokeo yao, ndiko inakotunzwa chi, nguvu ya ndani. Baadaye tukaingia taiji, kung fu ya mwendo wa polepole, ile ya mikao 24 ambayo wakuu wa michezo wa China waliifupisha mwaka 1956 kutoka mtindo wa Yang ili watu wengi waimudu.

Joto viganjani nililisikia, sikatai. Lakini kwamba joto hilo laweza kumwangusha mtu bila kuguswa, kama wanavyodai baadhi, hilo halinipiti kooni. Mwaka 2017, mjini Chengdu, mpiganaji Xu Xiaodong alimshinda Wei Lei, aliyejiita bingwa wa taiji, kabla hata nusu dakika haijaisha, na China ikabishana miezi.

Nilimgusia habari hiyo mzee mstaafu aliyesimama kando yangu. Hakushtuka. Yeye alikuja kwa ajili ya miguu yake, na hapo utafiti uko upande wake: taiji huwapunguzia wazee kuanguka.

“Kijana, wewe unatafuta adui,” akasema. “Mimi nina ngazi za ghorofa ya tatu.”

“Shikamoo, mzee,” nikamjibu, ingawa tulikwisha kusalimiana. Mwalimu akatutazama, akapiga makofi, tukarudia mkao wa kwanza.