Oili Haidondokei Ilikotokea

Kosa lililonifundisha kazi hii nililifanya mwenyewe, kwenye Toyota Corolla 110 nyeupe ya mama mmoja, muuguzi mstaafu, chini ya mwarobaini wa gereji yetu Temeke. Gari lilikuwa linaacha doa jeusi nyumbani kwake kila asubuhi. Nikalala chini ya gari, nikaona oili imetapakaa pale injini inapoungana na gia boksi, na tone limening'inia kwenye ncha ya chini kabisa. Nikatoka nimeshajua jibu.

"Mama, hii ni sili ya nyuma ya krenki. Lazima tushushe gia boksi."

"Wewe ndiye fundi, mwanangu," akanijibu.

Tukaishusha. Kazi ile ilitula siku moja na nusu, mimi na kijana wangu: kufungua ekseli, kutegemeza injini, kutoa klachi na flaiwili, kung'oa sili na kupachika mpya. Sili niliyoitoa ilikuwa laini bado, mdomo wake mzima. Niliishika mkononi nikaiona hivyo, nikaitupa, nikaendelea. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu gari lilikuwa linaniambia ukweli nami sikutaka kuusikia.

Baada ya wiki mbili mama akarudi. Hakugomba. Alifungua buti, akatoa kipande cha boksi alichokuwa amekitandika chini ya gari usiku, akakiweka juu ya meza yangu ya spana. "Limerudi palepale."

Ndipo nikamkumbuka mzee aliyenifunza ufundi, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa na tabia iliyotuchosha sisi vijana: gari linalovuja likifika, hagusi spana. Kwanza analiosha. Tulidhani ni uzee. Kumbe alikuwa anajua kwamba oili haikai ilikotokea. Inateremka kufuata umbo la chuma, inapita kwenye vichwa vya boliti na mabano, na gari likiwa barabarani upepo unaisukuma kuelekea nyuma. Unapoona tone, hapo ni mwisho wa safari yake. Mahali pa kutafuta ni sehemu ya juu kabisa yenye unyevu, na kwenye injini iliyokaa miaka 25 na uchafu wake huwezi kuipata sehemu hiyo kwa macho, maana kila kitu kimelowa.

Basi nikafanya alivyokuwa akifanya. Nikaacha injini ipoe, nikafunika oltaneta na distributa kwa nailoni, nikasugua kwa mafuta ya taa na brashi kuanzia kava ya tapeti hadi sampu, nikasuuza, nikakausha kwa upepo wa kompresa. Halafu nikachukua poda ya mtoto, nikaipuliza juu ya injini na kule ubavuni, kwenye upande wa gia boksi, mpaka pote pakawa peupe. Nikamwomba mama twende Mbagala na kurudi, mwendo wake wa kawaida.

Tuliporudi nikafunua boneti, nikamulika. Katikati ya weupe ule palikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba kama kamba ya kiatu. Ulianzia chini ya distributa, ukateremka ubavuni mwa hedi, ukaishia palepale kwenye muungano wa gia boksi. Juu yake, ukingo wa kava ya tapeti ulikuwa mkavu kabisa.

Kwenye injini ya 5A, kama ya gari lile, distributa imepachikwa ubavuni mwa hedi, kwenye ncha ya kamshafti, juu tu ya gia boksi. Kinachozuia oili pale ni oringi moja ya mpira. Nikaweka alama ya mkwaruzo kwenye distributa na kwenye hedi ili nisiharibu taiming, nikafungua boliti zake kwa spana namba 12, nikaivuta. Oringi ilikuwa imekuwa bapa upande mmoja na ngumu kama plastiki, nilipoikunja ikakatika. Nikafungua pia kifuniko cha distributa kuona kama oili imeingia ndani. Palikuwa pakavu, maana yake sili ya shafti yake bado ilikuwa nzima. Nikaenda kwenye maduka ya Gerezani kununua oringi mpya, nikaipaka oili kidogo, nikairudisha distributa kwenye alama yake. Nusu saa, pamoja na kunawa mikono.

Oringi ile ilikuwa na bei ya soda mbili. Nilimrudishia mama fedha yote ya ufundi wa gia boksi, kwa mafungu mawili kwa kuwa sikuwa nayo yote. Hakuidai. Lakini nisingeweza kukaa nayo.

Tangu siku ile, gari linalovuja likiingia kwetu linaoshwa, na kabla ya kuagiza sili yoyote tunaangalia pumzi ya injini. Hili la pumzi nalisema kwa mkazo kwa sababu wengi hulipita. Injini inapofanya kazi, sehemu ya moshi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu. Unatakiwa utolewe na vali ya pumzi iliyo kwenye kava ya tapeti, urudi kwenye manifodi ukaungue. Vali ikiziba kwa masizi, shinikizo linajaa ndani na kutafuta njia ya kutokea, na njia hiyo ni sili iliyo dhaifu kuliko zote. Unabadilisha sili ya mbele, inatoboka ya nyuma. Unabadilisha ya nyuma, gasketi ya tapeti inaanza kulia. Mwenye gari anahesabu gharama na kuona anaibiwa.

Kupima ni rahisi mno. Chomoa vali, itikise karibu na sikio. Nzima hugonga ndani, iliyoziba huwa bubu. Kisha irudishe, washa injini bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka karatasi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, pumzi iko sawa. Ikirushwarushwa na moshi mzito ukatoka hata baada ya vali mpya, shida ni ringi za pistoni, na hapo mwenye gari anastahili kuambiwa ukweli mapema kabla hajatumia shilingi kwenye sili.

Jambo jingine ni gundi ya silikoni. Vijana wanaipenda kama dawa ya meno. Sampu za injini nyingi za Toyota hufungwa kwa gundi tangu kiwandani, kwa hiyo gundi yenyewe haina kosa. Kosa ni wingi. Inayozidi hujiminya ndani vilevile inavyojiminya nje. Ya nje unaiona na kuifuta, ya ndani inakatika vipande na kwenda na oili mpaka kwenye chujio la pampu. Nimewahi kufungua injini iliyokufa, taa nyekundu ya oili iliwaka dereva akadhani ni waya, na nikakuta chujio limezibwa na nyuzi za gundi. Mtu aliziba mvujo wa tone moja kwa siku akaua injini nzima. Gasketi mpya ya tapeti inahitaji sehemu zilizosafishwa vizuri, gundi kidogo kwenye kona tu, na nati zilizokazwa kwa mkono mwepesi. Ukizikaza kwa hasira unaipinda kava, na itavuja zaidi ya mwanzo.

Kuna siku ni sili ya nyuma kweli. Hapo nashusha gia boksi nikiwa na amani, na kabla ya kupachika mpya napitisha ukucha juu ya krenki pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa, chuma kimelika mfereji, na sili mpya ikikaa juu ya mfereji uleule itavuja tena. Naipachika ikiwa imezama kidogo kuliko ya zamani, au imetangulia nje kidogo, ili mdomo ukae kwenye chuma laini.

Watu huniuliza kuhusu oili nzito na zile dawa za kuongeza ndani. Oili nzito hupunguza matone, lakini inachelewa kufika juu asubuhi injini ikiwa baridi. Dawa hulainisha mpira kwa muda. Oringi iliyokwisha kukatika haiungi. Simkatazi mtu asiye na fedha mwezi huu. Namwambia aangalie kijiti cha oili kila Jumamosi.

Yule mama bado ni mteja wangu, na bado anatandika boksi. Mwezi uliopita alikuja na jipya, ameandika tarehe kwa kalamu na kuchora matairi manne kwenye pembe zake. Kulikuwa na doa moja dogo, mbele upande wa kulia.

"Hili si la injini," akasema kabla sijaliinamia. "Tazama, ni jekundu. Nadhani ni stelingi."

Ilikuwa stelingi. Paipu ya kurudishia, kwenye klipu yake.