Injini ya Baba

Kuna magari ya zamani yanayotolewa ndani Jumapili, yakafutwa vumbi na kupigwa picha. La kwetu si la aina hiyo. Ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya 109, na saa kumi na mbili asubuhi linakuwa barabarani, Ngaramtoni kwenda Arusha mjini. Nyuma kuna madumu ya maziwa ya Mama, watoto wangu wawili na watatu wa jirani. Mbele niko mimi, mwalimu anayewahi kengele. Jioni linarudi na pumba za ng'ombe, na Jumamosi linabeba mabua mpaka linainama. Likilala siku moja tu, nyumba nzima inajua.

Mwaka 2023 injini ilianza kugonga. Mwanzoni niliongeza redio. Msicheke, wengi tunafanya hivyo. Kisha likaanza kufuka moshi wa buluu, oili ikawa inakwisha kama inanyweka na mtu, na siku moja kwenye mlima wa kuingia nyumbani likakataa kabisa. Tulilivuta mpaka kwa fundi ambaye amelishika tangu enzi za Baba.

"Mwalimu," akasema huku anafuta mikono, "hapa tuongee kama watu wazima. Tufumue hii, au tutafute nyingine?"

Ndipo nilipopiga simu Dar es Salaam. Kaka yangu ndiye mkubwa, na jambo la mali ya marehemu huwezi kuamua peke yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, fanya vyote, lakini injini ya Baba usiiguse. Hiyo ndiyo Baba mwenyewe."

Nilimwelewa. Ule mngurumo wa petroli, mzito na wa polepole, ndio tuliokuwa tukiusikia jioni tukiwa wadogo, na aliyekuwa na jukumu la lango alikuwa anaanza kukimbia kabla gari halijaonekana. Baba alikuwa bwana mifugo, alilinunua Land Rover lile kwenye mnada wa serikali. Kaka akija Desemba huwa anarekodi ule mlio kwenye simu yake. Lakini nilipokata simu nilibaki na neno ambalo sikumwambia: yeye analikumbuka gari, mimi ninaliendesha.

Sasa nitasema kidogo habari za ufundi, asiyependa avumilie. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni kufumua ile ile. Injini ya petroli ya Land Rover ya wakati ule ina ujazo wa 2286 cc na haina makuu. Kabureta moja, plagi nne, fundi yeyote wa kijijini anaielewa. Kuchonga silinda, kuchonga krenki, pistoni mpya, ringi, metali, gasketi: fundi alikadiria milioni mbili na laki nane. Tatizo lake ni tumbo. Kwa mizigo yangu ilikuwa ikinipa kilomita sita kwa lita, na siku njema hizo.

Ya pili ni kuweka injini ya Toyota, ile 3L ya dizeli ambayo hapa Arusha tunaijua kwa sauti kwa sababu ndiyo iliyosukuma vifodi vyetu miaka nenda rudi. Vipuri vyake unavipata hata usiku. Ila ile injini haijuani na gia boksi ya Land Rover. Lazima uchongeshe sahani nene ya chuma ya kuziunganisha, na ikichongwa pembeni hata kwa unywele, klachi itakuonyesha. Ukisema uweke na gia boksi ya Toyota, unapoteza ile boksi ya pili inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele, maana kwenye Series hizo mbili zimefungwa pamoja. Land Rover lisilovuta mbele, kwenye tope letu la Aprili, ni banda la kuku lenye usukani. (Kuna waliopendekeza pia Nissan TD27. Hoja ni zile zile.)

Ya tatu ndiyo iliyonivutia tangu mwanzo, nakiri. Inaitwa 200Tdi, dizeli ya turbo ya 2495 cc ambayo Land Rover wenyewe waliitoa mwaka 1989 kwa ajili ya Discovery, kisha Defender. Kinachopendeza ni ukoo wake. Kiwanda kilitengeneza dizeli ndogo mwaka 1957, petroli ya 2286 ikafuata mwaka mmoja baadaye kwa mifupa hiyo hiyo, na mifupa ile ikaendelea kurithishwa, ikinenepa kidogo kidogo, mpaka kufika kwenye Tdi. Kwa hiyo inakaa kwenye gia boksi ya zamani bila sahani ya mtu wa kati. Ni mjukuu anayeingia nyumba ya babu na kukuta shati linamtosha.

Palikuwa na moja imetoka kwenye Discovery iliyopinduka, ina karatasi zake zote. Milioni tano na nusu.

Nikachukua kalamu. Kwa siku natembea kama kilomita arobaini. Kwa petroli ni karibu lita saba, na lita ilikuwa imeshavuka shilingi 3,000. Kwa Tdi watu wenye magari kama langu waliniambia nitegemee kilomita kumi kwa lita, yaani lita nne. Tofauti, kwa siku ishirini na tano za mwezi, inapita laki mbili. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Lakini kila nikifika mwisho wa hesabu namsikia kaka: hiyo ndiyo Baba mwenyewe. Nikamwambia fundi afungue ya zamani kwanza, labda itatuamulia.

Aliniita siku ya tatu. Injini ilikuwa mezani imepinduliwa, sampu imevuliwa.

"Hesabu hizi," akasema, akinionyesha mahali krenki inapokalia.

Nikahesabu. Tano.

"Ya mwaka 1978 huwa na tatu. Hizi za tano zilianza 1980." Akachukua kitambaa chenye petroli, akasugua ubavu wa bloku mpaka namba ikatokea. Tukatoa kadi ya gari. Namba hazikufanana hata kidogo.

Nilikaa juu ya tairi. Gari la 1978, injini ya baada ya 1980. Fundi alikuwa anatabasamu kwa jambo jingine kabisa: "Hii ni injini nzuri kuliko tulivyodhani, mwalimu. Krenki yake imara. Inastahili kufumuliwa." Ndiyo vituko vya dunia hivyo. Siku ile ile hoja ya kaka ilipoanguka, hoja ya fundi ikapata nguvu.

Jioni nilimkuta Mama anakamua.

"Mama, hivi Baba aliwahi kubadilisha injini ya gari?"

Hakugeuka. "Ile ya mwanzo ilimfia Longido, amebeba dawa za mifugo. Mwaka wa zile mvua za El Niño. Alirudi kwa miguu mpaka barabarani."

"Mbona hatukujua?"

"Wewe ulikuwa mdogo, kaka yako alikuwa bweni. Baba yenu aliuza ng'ombe wawili akaenda Moshi kununua nyingine. Mmoja alikuwa wangu." Akaacha kukamua, akaniangalia. "Kwa hiyo humo ndani yumo ng'ombe wangu. Mkiiuza, mnikumbuke."

Nilimpigia kaka usiku huo. Kimya kirefu, kisha akauliza, "Sasa ule mlio ni wa nani?" Nikamwambia ni wa injini ya Moshi, Baba aliupenda kama sisi. Akasema nifanye ninavyoona. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyeridhika, ila ya mtu aliyechoka kushikilia kitu.

Nikachukua Tdi. Siwezi kusema ile ya petroli haikufaa. Ilifaa. Ningekuwa na gari jingine la kwendea kazini, ningeifumua na kuitunza. Lakini Baba mwenyewe, gari lilipomfia, hakukaa kuomboleza chuma. Aliuza ng'ombe, akaendelea na safari. Nililotaka kumfuata ni hilo.

Kazi ilichukua mwezi na siku kadhaa. Turbo ya Discovery hukaa chini kuliko ya Defender, ikabidi bomba la silensa litengenezwe upya ili lisigombane na chasisi. Tangi likatobolewa kuwekewa njia ya dizeli inayorudi. Rejeta ya zamani haikutosha. Halafu kadi. Injini ikibadilika kadi nayo ibadilike, namba na aina ya mafuta, na mimi nilikuwa na deni la miaka ishirini na zaidi ambalo Baba hakulilipa. Ilibidi nieleze kwa maandishi injini mbili, moja ninayoijua na moja ya Longido. Wiki tatu, barua mbili, ukaguzi mmoja. Nawaambia kwa sababu wengi huliacha jambo hili, kisha linakuja kuwashika watoto wao.

Fundi alinikabidhi ufunguo kwa onyo: "Gia boksi yako imezoea kuishi na mzee, sasa umeiletea kijana. Ukimkanyaga ghafla ukiwa na mzigo, atavunja meno ya gia." Na breki ni zile zile za 1978, kwa hiyo nguvu niliyoiongeza nimekatazwa kuitumia. Sina shida. Maziwa hayapendi mbio.

Injini ya petroli aliinunua mkulima wa Olmotonyi, ana Land Rover fupi ya 88. Alitoa milioni moja na laki mbili. Nilikuwa nimeshazipangia rejeta. Mama alinyoosha mkono, akanunua mtamba. Rejeta nililipa kwa mafungu.

Yule mkulima hupita kwetu akishuka sokoni. Juzi nilikuwa nimekaa na Mama uani, Land Rover langu limeegeshwa pale pale mbele yetu, ule mngurumo ukaanza kusikika kutoka juu, mzito, wa polepole. Mama aliinuka, akatembea mpaka langoni, akashika komeo.

Gari likapita. Alisimama pale kidogo, kisha akarudi kuketi.

"Anaiendesha vizuri," akasema.