Damu Nisiyoihesabu

Kiswahili hakina uchoyo wa maneno juu ya mtu aliyechoka. Kuna uchovu, ambao huja baada ya kazi na huondoka baada ya usingizi. Kuna mavune, maumivu ya viungo vya mtu aliyelima au aliyetwanga kutwa nzima. Kuna ulegevu, ambao mara huwa wa mwili na mara huwa wa tabia. Na kuna kunyong'onyea, mtu akawa kama jani la mgomba lililopigwa na jua la saa nane: halikukatika, halikukauka, lakini kusimama haliwezi. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mimi nilinyong'onyea, na kila aliyeniuliza hali nilimjibu kwamba nimechoka tu. Kazi yangu ni kuchagua maneno, na hapo nilichagua lisilofaa.

Nakaa orofa ya tatu katika nyumba kongwe ya mtaa wa Kiponda. Ngazi zake ni za mbao, za mwinuko mkali, kama zilivyo ngazi nyingi za Mji Mkongwe, na zina vidato 41. Kwa zaidi ya miaka 20 nilivipanda nisijue idadi yake, kwani mtu hahesabu vidato mpaka siku anapoanza kupumzika njiani. Kwanza nilipumzika kwenye kidato cha 30, kisha cha 18, kisha cha 11, kapu la Darajani nimelitua miguuni, kiganja ukutani, moyo ukinigonga masikioni. Usiku nilipokaa mezani kutafsiri, sentensi niliyoianza ilinipotea kabla sijakifikia kitenzi chake. Mashairi yalikatika kabisa. Jirani yangu wa chini, mama mtu mzima kuliko mimi, aliniambia, "Umri huo, mdogo wangu. Sote tumepita hapo." Nilimwamini, kwa kuwa umri ni maradhi ambayo hayamtaki mtu atoke nyumbani kwake kutafuta dawa.

Spitali sikwenda, na sababu yake sina budi kuieleza japo hainipambi. Mimi sikusomeshwa kazi hii na chuo chochote. Lugha za watu nimezisoma kwa kamusi, kwa redio na kwa vitabu vya kuazima. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana kiburi chake cha siri: huamini kwamba kila mlango una ufunguo, na ufunguo umo ndani ya kitabu fulani, na kitabu hicho atakisoma peke yake bila ya kumuuliza mtu. Ndivyo nilivyotaka kuusoma mwili wangu. Nilitaka niketi nyumbani, nijichome kidole, na tone la damu linieleze lililonisibu.

Kipimo cha kwanza kilinifuata chenyewe. Sisi tuliokulia Unguja ya miaka ya 1970 na 1980 tulikuwa na jibu moja kwa kila homa na kila unyonge: malaria. Hali hiyo imebadilika sana. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto zenye artemisinini. Vikafuata vyandarua vyenye dawa, na mwaka 2006 upulizaji wa dawa ndani ya nyumba. Tangu kiasi cha mwaka 2008, waliokutwa na vimelea katika uchunguzi wa watu kwa jumla walishuka chini ya mmoja katika kila 100. Lakini maradhi hupungua upesi kuliko mazoea. Nami, kwa mazoea hayo, nilikuwa nimekwisha kumeza dozi mbili za dawa mseto kutoka duka moja la dawa, bila ya kupimwa na bila ya nafuu.

Ndipo asubuhi moja ya mwaka 2022 kijana wa afya akapiga hodi. Katika utaratibu ulioanza mwaka 2012, unaoitwa Coconut Surveillance, kituo cha afya kikimgundua mgonjwa wa malaria hupeleka taarifa, na ofisa wa wilaya humfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake ili awapime na wengine wanaoishi naye. Mtoto wa jirani yangu wa chini alikuwa amerudi kutoka Bara na homa, na huko Bara ndiko wanakotoka nayo wengi wanaokutwa na malaria visiwani mwetu. Kijana akawapima wa chini, kisha akaona vyema atupime na sisi tunaotumia nao mlango mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

Alinichoma kidole, akatia damu katika kikasha cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole, akaongeza matone ya maji yake, tukangoja dakika 15. Ukatokea mstari mmoja. Akanieleza kuwa mstari mmoja ni alama kwamba kipimo kimefanya kazi, na lau ingekuwapo malaria ungetokea wa pili. "Huna malaria, mama." Nikamshukuru na kumkaribisha chai. Aliniambia kuwa sina malaria, nami nilisikia kuwa sina maradhi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza la tafsiri.

Kipimo cha pili nilikifuata Mkunazini, kwa kaka yangu, ambaye ana kisukari na ana mashine yake ya kupimia. Nilikwenda asubuhi kabla sijatia kitu kinywani. Mashine ikaandika 5.2. Kaka akacheka, akasema lau yeye angeipata namba ile angechinja mbuzi. Kisukari huanza kuhesabiwa pale mtu aliyefunga anapofika 7.0 na kuendelea. Nikarudi Kiponda na furaha yangu, na kwenye kidato cha 11 nikapumzika.

Kipimo cha tatu kililetwa na binti wa dada yangu, anayeishi London, alipokuja likizo. Huko kwao vipimo vya damu vya kujipimia nyumbani huuzwa madukani kama sabuni. Chengine humtaka mtu akusanye damu katika kichupa akaipeleke maabara kwa posta, jambo ambalo kwa mtu wa Kiponda ni mzaha. Chengine hutoa jibu papo hapo. Alinichagulia cha namna ya pili, kinachopima ferritini, yaani ile protini inayohifadhi akiba ya madini ya chuma mwilini. Alikiacha mezani pangu, akaniambia, "Mama mdogo, usisahau," akasafiri.

Nilijipima usiku mmoja peke yangu. Kikasha kilikuwa ndugu wa kile cha malaria: kidirisha kilekile, herufi zilezile, kungoja kulekule. Mstari ukatokea mmoja. Nikasema alhamdulillahi, nikakitupa. Karatasi ya maelezo, iliyochapwa kwa lugha tano, sikuisoma. Niliikunja nikaitia ndani ya kamusi iwe alama ya ukurasa.

Baada ya wiki mbili mpwa wangu akapiga simu. "Kipimo kilisemaje?"

"Mstari mmoja tu, mwanangu. Salama."

Alinyamaza, kisha akasema, "Isome ile karatasi, mama mdogo. Sasa hivi, mimi nangoja."

Nikaichomoa. Katika kipimo kile mistari miwili ndiyo salama, kwani mstari wa pili hutokea pale akiba ya chuma inapotosha. Mstari mmoja maana yake akiba imekwisha au inakaribia kwisha. Nilikuwa nimesoma ishara ya lugha moja kwa sarufi ya lugha nyengine. Kila mfasiri ameonywa juu ya maneno yanayofanana sura na kuhitalifiana maana, na mimi nimewaonya vijana mara nyingi juu ya mtego huo. Nilipoufikia mwenyewe niliingia kwa miguu miwili, na aliyelipa alikuwa mwili wangu.

Wiki ile ile nilikwenda spitali. Maabara ikapima himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni na ambayo haiumbiki bila ya chuma. Shirika la Afya Duniani linamhesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Chini ya 8 ni upungufu mkubwa. Yangu ilikuwa 7.1. Dakta, mwanamke aliyelingana na binti yangu lau ningejaaliwa, aliitazama ile karatasi, kisha akaiweka kando. Akaniuliza swali ambalo hakuna kikasha kilichoniuliza.

"Mama, hedhi yako bado ipo? Inakuwaje?"

Hapa kalamu yangu inasita, kwa sababu zile zile zilizousitisha ulimi wangu mbele yake. Mimi nilipovunja ungo nilikabidhiwa kwa somo, kama walivyokabidhiwa wenzangu. Somo wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha namna ya kuifunga sodo, kuifua usiku, kuianika pasipoonwa na mwanamme wala mtoto. Alinifundisha kuhesabu siku. Darsani nikazidishiwa hesabu hiyo, kwani katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wa pwani hii, hedhi haizidi siku 15, na damu inayovuka hapo ni istihadha, ambayo haimzuilii mwanamke sala yake. Elimu hii niliishika barabara. Katika mwaka ule na nusu, mwezi wangu uliponiingia siku 9, siku 12, na mara mbili ukavuka 15, nilijua siku gani nisali na siku gani nisisali, na jinsi ya kujitahirisha.

Nilizihesabu siku kwa ajili ya sala yangu. Damu yenyewe sikuihesabu. Kwamba nililazimika kuamka usiku mara tatu kubadilisha, kwamba niliacha kwenda harusini kwa kuchelea nguo kuchafuka, hayo niliyaita mambo ya kike. Na mbele ya tone moja la kidoleni nilikaa nikitetemeka kama anayengoja hukumu, hali damu iliyokuwa ikinitoka kwa vikombe nikiimwaga kwa siri na kuisahau.

Linaloniumiza zaidi kama mtu wa lugha ni hili: neno lilikuwapo. Istihadha, walimu wetu wanapoieleza kwa Kiswahili, huiita damu ya ugonjwa. Nililisikia neno hilo tangu nina miaka 13. Nililitia katika mlango wa tahara, nikaufunga mlango, na sikupata kulisikia kama linavyotamkwa: damu, ya ugonjwa.

Nilimjibu dakta, kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Akanipeleka kwenye ultrasaundi, ukaonekana uvimbe katika kizazi, ambao baadaye ulithibitishwa kuwa si saratani. Uvimbe wa namna hiyo ni jambo la kawaida kwa wanawake wa makamo, na miaka inayotangulia kukoma hedhi nayo huweza kuzidisha damu hata pasipo na uvimbe. Nilipewa vidonge vya chuma na nikatibiwa kizazi. Nilikatazwa pia kunywa chai pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Na hilo, kwa mtu wa Mji Mkongwe, lilikuwa sharti gumu kuliko vidonge.

Tangu hapo wenzangu huniomba majina ya vile vidonge, wawape wajukuu wanaosinzia darsani. Huwakatalia, na huwapa kisa cha jirani zetu wa Pemba. Huko, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, watoto wadogo walipewa chuma kila siku kwa nia njema kabisa, bila ya kuangalia nani anakihitaji. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi, na sehemu ile ya utafiti ilibidi isimamishwe mwaka 2003, kwani waliopewa chuma walizidi kulazwa na kufa kuliko wasiopewa. Waliokuwa na upungufu hasa, na waliofuatiliwa kwa vipimo na matibabu, hali yao ilikuwa nyengine. Damu kupungua ina sababu nyingi: minyoo ya safura, kichocho, selimundu, uzazi wa kufuatana, kidonda cha tumbo. Kidonge ni kimoja, na hakijui kimeingia katika kisa gani.

Siviponzi vipimo vya nyumbani. Bila ya kile kikasha, na bila ya mpwa wangu kuniamrisha nisome, huenda ningekuwa nimeanguka ngazini. Lakini kila kimoja kilijibu swali lake tu: je, ni malaria? Je, ni sukari? Je, akiba ya chuma ipo? Hata ferritini yenyewe hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe wa ndani, ikaonesha akiba isiyokuwapo. Na hata jibu la tatu, ambalo lilikuwa la kweli, lilisema chuma kimekwisha, kimekwendaje, halikusema. Hilo lilitaka mtu wa kuuliza na mtu wa kusema.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikudhani kama naficha maradhi. Nilidhani naficha aibu, na maradhi yakajificha nyuma yake.

Himoglobini yangu sasa ni 12.4, na vidato navipanda kwa mapumziko mamoja, ambayo nayo nayasingizia kapu. Mwezi uliopita jirani yangu wa chini alinikuta hapo ngazini akaniuliza nimetumia dawa gani, maana naona nuru imenirudi usoni. Nikamweleza yote, wazi, kama nilivyoyaeleza hapa. Binti yake mkubwa alikuwa nyuma ya mlango akichambua mchele, na mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akasema yeye naye ana mwaka wa nne kachoka, lakini ni watoto tu wanamchosha.

Nikatua kapu, nikaketi kidatoni, nikamuuliza swali aliloniuliza dakta.