Ukuta wa Mzee

Nimepotea kidogo, wadau. Nilikuwa nyumbani Tunduma nikifuatilia habari ya malori. Nimerudi na nyingine ambayo mhariri wangu hataichapa.

Nilipokuwa chuo nilinaswa na gemu la Civilization IV, lile la mwaka 2005 la kucheza kwa zamu. Unajenga miji, unagundua elimu mpya, wapinzani nao wanafanya hivyo hivyo. Kuna jambo liliniudhi sana. Unapoteza zamu kadhaa kujenga ukuta wa mji, halafu siku unagundua Rifling, yaani bunduki za kisasa zaidi, ukuta wako hauna kazi tena. Monasteri nazo zinaacha kuongeza utafiti ukifika Scientific Method. Na anayeziua si adui, ni wewe mwenyewe na elimu yako! Ukiikwepa elimu hiyo ili kuuokoa ukuta, jirani atakuja nayo.

Sasa twende Tunduma. Baba yangu alikuwa na kibanda karibu na ofisi za zamani za mpakani. Ndani kulikuwa na meza, stuli na taipureta. Mawakala na madereva walipanga foleni awachapie karatasi za mizigo. Ada yangu ya sekondari ilitoka pale. Mwaka 2014 forodha ikaanza kutumia mfumo wa TANCIS, wakala akawa anajaza taarifa kwenye kompyuta. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia wakazindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde: maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, unasimama mara moja tu, upande ule unaoingia. Ni jambo zuri, nani atatamani kusimama mara mbili?

Nilipokwenda likizo mwaka ule nikajitia msomi. Nikamwambia, "Baba, kibanda hiki ni kama ukuta baada ya Rifling. Uza tu." Nikamweleza gemu lote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na walinzi wa huo ukuta, mwanangu, gemu lenu linawapeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mle ndani ukuta hauna mlinzi mwenye watoto.

Safari hii nimekuta kibanda amekipangisha kwa dada anayetoa na kupokea pesa za simu. Taipureta iko juu ya kabati sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Na mimi ninayemcheka mzee? Madereva niliowahoji walikuwa wameshasoma habari za siku kwenye simu kabla gazeti letu halijafika mpakani.

Habari ya malori nimeiandika, saa na foleni zote zimo. Ila kwenye daftari langu nimeandika pia swali la mzee. Uzinduzi ujao, mkoa wowote, nitalipeleka kwa mheshimiwa atakayekata utepe.

Wewe mwenzangu, ukuta wako ni upi?