Majani ya Nyuma ya Bomba

Mimi ni mhamasishaji wa vijana hapa Nyarugusu. Mwaka jana majani yalininyima usingizi wiki nzima.

Mvua zilipoanza, kikundi chetu kiliamua kufundisha wadogo kuhusu mboga za porini. Mgao ni unga, maharage au dengu, mafuta na chumvi. Majani unajitafutia mwenyewe, na kwenda mbali bila kibali ni matatizo. Basi nikaandika karatasi. Mchicha, ambao sisi Wakongo na hata Warundi tunauita lengalenga: jani pana, laini, kijani. Mnavu: jani pana, laini, kijani. Soma tena. Ndivyo nilivyoandika kweli, nikabandika ukutani, nikajiona mwalimu.

Siku ya nne kijana mmoja wa kikundi, miaka 13, alichuma fungu nyuma ya vyoo vya zamani akapeleka nyumbani, yeye akarudi mpirani. Mama yake alikuwa amechoka, giza limeingia, akapika bila kuchambua. Usiku mtoto mdogo wa nyumba ile akaanza kukamata hewa kama anayekamata nzi. Mdomo umekauka, ngozi ya moto, mboni za macho zimekuwa kubwa, hamjui mama yake. Majirani wakasema ni mapepo, mmoja akaanza kukemea. Mwingine, Mungu ambariki, alimtia mgongoni akakimbia naye zahanati. Alipona, lakini ilichukua siku tatu.

Kwenye fungu mlikuwa na mranaha, huo ambao wengine wanauita datura.

Nikaenda kwa bibi mmoja wa bloki yetu, mtu wa milima ya Itombwe. Kusema ukweli nilienda kujitetea. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, wewe unasoma jani kama gazeti, kwa macho peke yake." Akanipeleka nyuma ya bomba, pale maji yanapomwagika, ambapo kila kitu kinaota pamoja.

Mranaha ukiwa mkubwa haukupi shida: ua refu kama tarumbeta, tunda lina miiba kama yai lililokasirika. Hatari ni ukiwa mchanga, hauna ua wala tunda. Bibi akakata kipande akaniambia niponde, ninuse. Harufu mbaya, nzito. Kingo za jani zina meno makubwa yasiyolingana. Akaniamuru ninawe mikono kabla sijagusa jicho, maana utomvu wake ukiingia machoni unapanua mboni. Mnavu una ua dogo jeupe kama nyota, katikati njano, na matunda kama shanga yanayokuwa meusi. Yale mabichi hatuli. Lengalenga ling'oe: mara nyingi mzizi ni mwekundu-mwekundu, na ncha ya jani ina kibonde kidogo kama imeng'atwa. Mgagani hata mtoto anaujua, vijani vitano vimeshikana kama vidole.

(Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: mabango yenu yenye picha ni mazuri. Ila picha hainuki.)

Halafu bibi akaanza kutafuta jani lake mwenyewe. Kule kwao milimani, kwenye baridi, kuna jani refu linalolala chini kwa duara, kingo zina mawimbi, mzizi mrefu wa njano, na mbegu zikikauka bua zima linakuwa la kahawia. Kila kifundo cha shina kimevikwa kingozi chembamba kama karatasi. Lina uchachu, walipika kidogo tu, kwa kuchanganya. Hajalionja tangu akimbie. Nimemletea majani mara tatu. Mara zote anapitisha kidole kwenye kifundo, hapati kile kingozi, analiweka pembeni na kuniambia asante.

Karatasi yangu niliitoa ukutani. Sasa kila Jumamosi wadogo wanakuja na mmea mzima, pamoja na mzizi, tunaponda na kunusa mpaka mikono inakuwa kijani. Ambao hatuujui haupikwi, hata kama mtu ana njaa.

Mama wa yule mtoto bado hanisalimii. Lakini kabla ya kupika huwa anamtuma kijana wake na fungu, nalo linafunguliwa mlangoni kwa bibi, jani moja moja, mimi nikiwa nimekaa palepale.