Kipepeo na Mdudu wa Siku Moja

Akina mama wenzangu, kipepeo tunampenda kwa kuwa anajionyesha. Hapa Kikwe, jua likishapanda, vipepeo hutua kwa makundi kwenye tope la ukingoni mwa mto. Wengi wao ni madume, nao hufyonza chumvichumvi ya udongo pamoja na maji. Lakini utoto wao waliumaliza kwenye majani, wakiwa viwavi. Mtoni ni wageni tu.

Yuko mwenyeji tusiyemjali. Nitamwita mdudu wa siku moja, maana akishapata mabawa huishi saa chache, au siku moja mbili. Hana kinywa cha kulia chakula. Hata shughuli yake ya kuoana hupangwa: katika Ziwa Victoria wapo wa aina moja wanaoruka kwa wingi mara baada ya mwezi mpevu, jambo lililoandikwa na mtafiti Hartland-Rowe mwaka 1955.

Msimhurumie upesi. Kabla ya hapo ameishi majini muda mrefu, mara nyingi miezi kadhaa, akiwa mtoto mwenye mikia miwili au mitatu, akijificha chini ya mawe na kupumua kwa matamvua yaliyo ubavuni. Wengi wao hawastahimili maji machafu wala sumu. Ndiyo sababu wataalamu wanaopima afya ya mito ya Tanzania huwatafuta.

Hapo ndipo ninapohangaika. Maji yetu hutoka Mlima Meru, yakaishia Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Njiani tunafua, ng'ombe wanakunywa, na wapo wanaosuuza humo humo mabomba ya kupulizia dawa ya nyanya. Mimi na binti yangu tuligeuza mawe ishirini juu ya mashamba, tukahesabu wadudu hao kumi na mmoja. Chini ya mashamba, mawe ishirini, tulipata mmoja. Vipepeo walikuwa wengi pande zote mbili!

Wala mtu asidhani kwamba penye wadudu hao maji yanafaa kunywewa hivi hivi. Vijidudu vya kuhara vinaweza kuwemo, basi tuchemshe. Na ile floridi inayowatia watoto wetu wa Meru meno ya kahawia, wao hawaionyeshi, wala kuchemsha hakuiondoi.

Jirani yangu mwenye nyanya nilimweleza habari ya mawe. Alicheka sana, kisha akauliza ni mawe yapi. Jumamosi tunakwenda naye.